Okidi Kichwani pa Jeneza

Mimi ndiye niliyefanya baba yangu azikwe bila kuagwa. Nasema mapema ili atakayenicheka anicheke sasa, na atakayeona hanifai kukaa naye ahamie benchi jingine, maana nikifika katikati sitaki mtu anikatize.

Chanzo ni ua. Mimi nauza mitumba pale Same mjini, na wanaonijua wanajua kuwa bei ya kwanza huwa siisikii, chenji naihesabu mara mbili (ya pili kwa sauti), na hata daktari akinitajia vidonge vitatu kwa siku nitamuuliza kama viwili haviwezekani. Basi siku moja mama mmoja aliyeshuka na viazi kutoka milimani akanionyesha mmea uliong'ang'ania kipande cha tawi, mizizi iko nje nje kama nyuzi za katani, akasema tawi liliangushwa na upepo na huo mmea ni okidi.

"Okidi gani?" nikamuuliza.

"Okidi si okidi?"

"Ziko nyingi, mama. Ua lake likoje?"

Akaangalia nilivyoushika (mnunuzi akishakumbatia bidhaa amekwisha), akasema, "Jeupe. Linanukia mpaka majirani wanakuja kuuliza."

Nikavutana naye mpaka akachoka, nikaubeba.

Nyumbani nikataka kulijua jina lake. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la wapenda maua kwenye simu, wakabishana wao kwa wao, mwishowe mmoja akaniambia majani hayatoshi, ngoja lichanue. Nikaupanda kwenye chungu chenye matundu, vipande vya mkaa na maganda ya mti, bila udongo, kama walivyonielekeza, lakini joto la Same na ule upepo wake mkavu vikaanza kuyakunja majani, ndipo nikaupandisha kijijini Mhezi, milimani kwa baba, kwenye ukungu.

Baba alikuwa mgane na magoti yalishamkatalia shamba. Akauning'iniza barazani, kivulini, akawa anaunywesha maji ya mvua kila asubuhi. Nikipiga simu, kabla sijauliza magoti, yeye ananipa habari za okidi.

"Hii yako ina vifundo chini ya majani," akaniambia siku moja. "Ile nyeupe ninayoijua mimi ya msituni haina vifundo."

"Baba, aliyeniuzia amesema nyeupe."

"Aliyekuuzia alikuwa anauza." Akacheka mpaka akakohoa. "Tungoje ichanue."

Ikatoa kikonyo. Kabla hakijachanua presha ikampanda baba, tukamshusha hospitali, hakurudi.

Mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo mipango yote ikawa yangu. Jeneza nilivutana, gari nilivutana, maturubai nilivutana. Dawa ya kuhifadhi mwili sikuvutana, nililipa kama nilivyotajiwa, nikajishangaa. Mdogo wangu Namsifu alikuwa kwenye basi anatoka Mwanza, na aliniomba kitu kimoja tu: "Kaka, msimfunike kabla sijamwona." Nikamwahidi.

Asubuhi ya mazishi tukamfikisha baba Mhezi, tukamweka sebuleni. Nikatoka barazani kuvuta pumzi, nikaiona okidi. Kikonyo kilikuwa bapa kama ganda la njegere, kimejaa vijiua vidogo vya zambarau mithili ya vipele, bado vimefumba. Kwenye ule ukungu havikuwa na harufu yoyote. Nikawaza, mzee ameingoja miezi yote hii, basi imsindikize. Nikaichukua, nikaiweka kichwani pa jeneza, nyuma ya picha yake. Baadaye wakaja watu na mashada ya plastiki, wakayapanga mbele, chungu kikamezwa. Nikakisahau.

Sebule ikajaa. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, bibi zetu wamewekewa jiko la mkaa pembeni, watu wanaimba, joto linapanda. Kwanza nikaona kanga moja inapanda puani. Kisha ya pili. Kisha nzi mmoja akatua kwenye jeneza, akafukuzwa, akarudi na wenzake, na pale ndipo na mimi nikaisikia harufu. Sitaieleza. Aliyewahi kupita penye mbwa aliyegongwa jana anaijua.

Mjomba Elieneza, kaka wa marehemu mama, akaniita nje. Kwetu mjomba akisema jambo msibani, limekwisha.

"Elisante, dawa uliweka?"

"Niliweka, mjomba. Nimelipa yote."

Akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayeniambia hela ameisahau nyumbani. "Jeneza halifunguliwi," akasema. "Watu hawatamwona shemeji yangu katika hali hiyo."

Hapo ningetulia. Badala yake nikampigia mhudumu wa mochwari, mbele ya uwanja mzima, nikamwita mwizi, nikamwita na mengine ambayo mchungaji alijifanya hajayasikia.

"Kaka, baba yako nilimhudumia mwenyewe," akajibu. "Yuko safi."

Nikamkatia simu.

Namsifu akafika mchana, matope mpaka magotini, kwa sababu gari lililompandisha lilinasa njiani. Akapita moja kwa moja, akaweka mkono kwenye mfuniko.

"Shikamoo, mjomba. Naomba nimwone."

"Marahaba, mwanangu. Hataonekana."

"Kwa nini?"

Namsifu akavuta pumzi, akaelewa mwenyewe. Akanigeukia polepole.

"Kaka. Hata dawa ya baba umeombea punguzo?"

"Nililipa yote, Namsifu."

"Huyu? Yote?" sauti ikasema nyuma.

Tukamzika. Namsifu hakulia kwa sauti, alisimama tu anaangalia mfuniko mpaka udongo ukaufunika.

Watu wakakaa kula. Shangazi Nakunda, dada wa baba, akaingia kufagia sebule, tukamsikia anauliza peke yake mle ndani, "Maiti imetoka, harufu imebakia nini?" Akawafuata nzi. Akatoka na chungu amekishika mbali na mwili wake, kanga puani, akapita katikati ya masufuria ya wali mpaka mbele ya wanaume.

"Nani kaweka mzoga huu nyuma ya picha ya kaka yangu?"

Vijiua vyote vilikuwa vimefunguka. Ningeweza kunyamaza, maana hakuna aliyeniona nikikiweka.

"Ni changu, shangazi."

Mjomba akasogeza pua, akairudisha haraka, akaketi na kuvua kofia. "Ina maana mimi..." akasema, hakumaliza. Kijana mmoja akacheka, mama yake akamfinya. Wengine walikuwa wameacha kutafuna, wananitazama mimi na tonge mkononi.

Namsifu akaweka sahani chini. "Kwa hiyo baba alikuwa sawa," akasema.

Nilituma picha ya ua kundini, wakanijibu upesi: ni bulbofilamu, jamii ya okidi zenye vifundo, nyingine hunuka mzoga ili nzi waje wazichavushe. Yule wa mochwari nilimpigia kumwomba radhi. Akasema, "Pole kwa msiba," akakata. Na leo mmea usio na jina hauvuki kizingiti changu, hata ukiletwa bure.

Lakini hilo siyo linaloniuma. Kesho yake, Namsifu akiwa na begi begani, aliniita pembeni.

"Wewe ndiye wa mwisho kumwona. Niambie alikuwaje."

Pale mochwari walipomfunua, niliitikia kwa kichwa kwamba ndiye, kisha nikainama kukagua vishikio vya jeneza. Vilikuwa sita kama tulivyokubaliana, kimoja kimelegea, na nilikuwa namwita fundi. Kile kishikio naweza kukuchorea hata sasa. Uso siukumbuki.

"Alikuwa kama amelala," nikamwambia.

"Ndivyo wanavyosema wote," akasema, akapanda gari.

Siku hizi nikiitwa kwenda kuchukua mwili wa mtu, mambo ya jeneza nawaachia wengine. Mimi nasimama kichwani, naangalia uso mpaka mhudumu aniambie inatosha.