Beseni Upande Wake wa Kitanda

Kwa misimu miwili ya mvua nililala na beseni. Lilikuwa lile la bluu la kufulia, na nililiweka upande wa mume wangu, kwa sababu paa letu hapa Mountain View, Nairobi, lilichagua kuvuja hapo hapo, juu ya mto wake. Yeye hakuwepo kulalamika. Alikuwa Kilifi akiziba mapaa ya watu wengine.

Mume wangu ni fundi wa mapaa yanayovuja chini ya paneli za sola, na si fundi wa kubahatisha. Kule pwani chumvi ya bahari hula skurubu zinazoshika miguu ya paneli, raba zake hukauka na kupasuka, maji yakaingia. Nyumba nyingi anazotengeneza ni za watu wanaolala humo wiki mbili kwa mwaka. Mimi ninayelala kwangu kila siku nilikuwa na beseni. Hapa Nairobi alishajaribu. Alizunguka mageti ya matajiri wa Kitisuru mpaka viatu vikaisha, lakini huko wanaita kampuni zenye magari na sare. Pwani wanamwita yeye. Alikuwa akija Agosti na Krismasi, paa likiwa kavu, anatazama lile doa kwenye dari, anasema atalishughulikia, kisha wageni wa kumsalimu wanafika.

Ningeweza kuita fundi mwingine. Kangemi, mtaa jirani, wamejaa. Mama anayeniuzia sukuma wiki kule sokoni alinicheka bila kujificha.

"Bwana yako anaziba manyumba za watu huko Mombasa, na yako inanyesha ndani? Si nikuitie fundi?"

"Fundi niko naye," nikamwambia.

"Uko naye wapi?"

Kwake pwani yote ni Mombasa. Nikaendelea kuchagua nyanya. Ukweli ni kwamba sikutaka paa lizibwe na mtu mwingine. Mimi ni karani katika ofisi moja katikati ya jiji, orofa ya sita, na dirisha langu linatazama magharibi. Wingu jeusi likijikusanya upande wa nyumbani, wenzangu huanza kulalamikia viatu vyao, na mimi nafurahi kimoyomoyo. Jioni nampigia simu namwambia beseni limejaa, hata kama limefika nusu. Nilimtamani mtu huyu vibaya, na nina kiburi. Kumwambia paa linavuja kulikuwa rahisi kuliko kumwambia njoo.

Aprili iliyopita alikuja. Alikuwa na siku tatu tu, Jumamosi mpaka Jumatatu, na nilijua moyoni kwamba katika siku hizo tatu lazima nimwombe abaki.

Sasa, paa linalovuja chini ya paneli, kama letu, lina ujanja wake. Tone linaloanguka hapa huenda limeingilia kule, likatembea juu ya mbao kwanza. Kwa hiyo tundu hutafutwa na watu wawili. Mmoja yuko juu na mpira wa maji, anaanza safu ya chini ya mabati na kupanda polepole, maana akianza juu maji yatashuka kwenye kila tundu na hatajua lipi ni lipi. Mwingine amejikunja ndani ya dari na tochi. Kwa kuwa mabati yanapiga kelele na hamsikizani, mnabishiana hodi. Yule wa juu akigonga, wa ndani anajibu. Ukigonga mara moja, maana yake bado. Mara mbili, maji yamefika. Alinifundisha hayo tukiwa wachumba, kwenye paa la kanisa la kwao Machakos, na nadhani ndiyo siku niliyompenda.

Jumamosi asubuhi nilipanda darini na kitambaa kichwani. Aligonga, nikagonga moja. Akapanda kidogo, akagonga, nikagonga moja. Tulipofika chini ya mguu wa tatu wa paneli, tone la maji baridi liliniangukia kwenye kifundo cha mkono, kisha la pili. Juu yangu aligonga.

Nikagonga mara moja.

Sikuwa nimepanga. Mkono ulifanya wenyewe, nami nikauacha. Aliendelea mpaka juu kabisa, na niliposhuka nikiwa na utando wa buibui mpaka kwenye nyusi, nikamwambia sikuona kitu.

"Haki hii paa ni mkaidi," akasema. "Tutarudia kesho, madam."

Jumapili baada ya kanisa tukarudia. Tone likaja pale pale, nikagonga mara moja tena. Kisha tulikunywa chai tukiwa tumeketi kwenye ngazi ya fundi, yeye kipago cha juu, mimi cha chini, na akanisimulia nyani wa Kilifi wanaokalia paneli asubuhi kama wenye nyumba. Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Sikumbuki siku niliyokuwa na furaha kiasi hicho, na yote niliiiba.

Jumatatu, kabla ya saa nne, simu yake ililia mara mbili. Walikuwa wanamtaka kazini. Nilimwona akiitazama halafu ananitazama mimi, na nikajionea haya. Nikapanda darini. Tone lilipoanguka nikagonga mara mbili, kwa nguvu.

Alimaliza upesi mno. Hata sufuria ya chai haikuwa imechemka alipoingia jikoni akipangusa mikono.

"Umeshaziba? Na raba umenunua saa ngapi?"

"Ilikuwa kwa mfuko. Tangu Jumamosi." Akachovya kidole kwenye sukari. "Hiyo skurubu niliona mapema. Raba imepasuka hadi kipofu angeona. Nikangoja ugonge."

"Na mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukugonga?"

Tulicheka, kisha kicheko kikatuishia wote wawili kwa pamoja, tukabaki tukitazamana kama watu walioshikwa. Basi nikalisema. Nikamwambia, "Baki." Nikamuuliza ni lini atarudi kabisa, si kwa siku tatu, si kwa Krismasi. Alikunja kidole akagonga meza mara moja.

Aliondoka saa nane mchana.

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha ile ya kukataza watu kwenda kanisani. Nilikaa kitandani na nguo zangu za ibada, nikasikiliza. Hakuna kilichoanguka. Mto wake ulikuwa mkavu, na beseni lilikuwa bafuni likifanya kazi ya beseni. Anajua kazi yake, huyo mtu. Nililia kwa sababu sikuwa na la kumpigia simu.

Akapiga yeye.

"Nasikia huko kunanyesha. Inaingia?"

"Haiingii. Ulifunga vizuri."

Kwake kulikuwa na upepo na mtu akipigilia kitu.

"Na wewe, ushazoea?"

Niliweka simu karibu na ubao wa kitanda, upande wake, nikagonga mara moja.