Fundi Andongwisye na Gurudumu Lililomwangusha Osward

Saa moja asubuhi. Ukungu bado umelala juu ya mibuni ya Vwawa, na fundi Andongwisye amepiga magoti mbele ya trekta dogo ambalo wekundu wake umekwisha kuliwa na kutu. Amelinyanyua kwa jeki. Anashika gurudumu la mbele la kushoto, mkono mmoja juu, mwingine chini, anavuta, anasukuma. Gurudumu linacheza kama jino bovu.

"Hili halisimami," anasema. "Linaning'inia tu."

Kibanda chake cha miti na mabati kipo kando ya barabara kuu iendayo Rhodesia ya Kaskazini. Kila lori likipita, vumbi linaingia ndani, naye hufunika vyuma vyake kwa gunia.

Mwenye trekta ni Jairo, mkulima wa kahawa. Alilinunua kwa mlowezi mmoja aliyeuza shamba lake na kurudi kwao. Mzungu yule alilitumia kulimia bustani ya mboga. Jairo alilifungia kitela kidogo nyuma, likawa linabeba kahawa mbivu kutoka shambani hadi kwenye mashine ya kumenya, ng'ambo ya kijito.

Pembeni, juu ya jiwe, ameketi mdogo wake Jairo, Osward. Fimbo yake imelala mapajani. Mwaka jana ndiye aliyekuwa dereva.

Andongwisye anafungua nati, anavuta gurudumu, anachokonoa grisi iliyoganda. Beringi inatoka vipande vipande, gololi zake nyingine zimepasuka. Kisha anatoa kitu chembamba, kimetafunwatafunwa, anakipangusa kwa kitambaa.

"Hiki nini?" Jairo anauliza.

"Bati la kopo. Gurudumu hili mliwahi kulifungua?"

"Hata siku moja. Tangu tulinunue hatujaligusa."

"Basi lilikuja nalo. Beringi hii tundu lake ni pana kuliko ekseli. Mtu akazungushia bati ili ikaze. Bati likalika, beringi ikalegea, ikajipiga mpaka ikavunjika. Ilikuwa lazima itoke siku moja."

Osward ananyoosha mkono, anapewa kile kipande. Anakitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo sikuwa nimelewa," anasema.

Anamrudishia fundi kile kipande.

Siku ile ya ajali Osward alikuwa akiteremka kuelekea kijitoni na mzigo wa kahawa. Gurudumu likajikunja, trekta likamlalia. Mguu ulivunjika chini ya goti, na alikaa hospitali ya misheni tangu kahawa inavunwa hadi mahindi yanapandwa. Aliporudi, alikuta habari imemtangulia: Osward alikuwa amekunywa pombe.

"Nilisema sikunywa," anasimulia. "Lakini mtu aliyeangusha trekta kwenye njia anayoijua, nani atamwamini?"

Wazee wa kanisa walimsimamisha kushiriki meza ya Bwana. Mkewe, Ruti, aliwafuata mmoja mmoja nyumbani kwao kumtetea. "Ninalala naye," aliwaambia. "Ningekuwa wa kwanza kunusa." Hawakumsikiliza, kwa sababu kaka mtu mwenyewe, Jairo, alikuwa amesema ni pombe.

Sasa Jairo anavua kofia. Anatia mkono katika mfuko wa koti na kutoa beringi mpya inayong'aa, aliyoinunua dukani Mbeya. Andongwisye anaipitisha kwenye ekseli. Inaingia na kubaki nafasi.

"Mwenye duka alinieleza," Jairo anasema kwa sauti ya chini. "Aliniambia ikipwaya nitie bati." Anatoa na kipande cha kopo alichokwisha kukikata nyumbani. Anakitazama, kisha anakikunja na kukirudisha mfukoni.

Andongwisye ni mzaliwa wa Ibaba, milimani Ileje. Kazi hii aliipata vitani, katika karakana ya jeshi Nairobi, ambako alipelekwa kuosha vyuma na akaishia kuvifunga. Sasa ni miaka tisa tangu arudi. Mwezi mzuri hupata kazi nne au tano. Mvua zikikaza hupata moja, na hapo nyumba hulishwa na maharage ya mkewe, Tumpe.

Matrekta madogo ya zamani ndiyo yanayomchosha zaidi. Vipuri vyake haviji tena, na namba zilizochongwa ubavuni mwa beringi mara nyingi zimefutika.

"Beringi ni lazima ikubali mambo matatu," anaeleza. "Tundu la ndani likae kwenye ekseli, mzingo wa nje ukae kwenye nyumba yake ndani ya gurudumu, na unene usizidi wala kupungua. Ikikubali mawili ikakataa la tatu, iache. Watu wanachukua ya mawili kwa sababu wamechoka kutafuta."

Kesho yake aliteua kijiti kigumu, akakichonga hadi kikalingana na ekseli, akafunga nguoni ringi ya nje ya ile beringi mbovu ili awe na kipimo cha nje, akapanda lori la mahindi kwenda Tunduma pamoja na mwandishi wa habari hizi. Upande wa pili wa mpaka anaishi shemeji yake Loisi, mke wa kaka yake Hezron. Hezron anafanya kazi kwenye migodi ya shaba ya Kopabeti, na kila anapopata nafasi hutuma vyuma vya magari yaliyokufa. Loisi huviuza juu ya mkeka, mbele ya nyumba.

"Mwaiseni mukwai!" Loisi alimkaribisha kwa Kibemba, kama anavyowakaribisha wateja wote. Alipomtambua akacheka. "Kumbe ni shemeji. Kaa kwanza, unywe maji. Beringi zipo, hazina miguu."

Zilikuwapo. Andongwisye alizipima kwa kijiti chake hadi jua likawa la utosi. Nyingi zilikataa. Moja ikakubali yote matatu, nayo ilikuwa imejaa grisi safi. Akaomba mafuta ya taa.

"Ya nini?"

"Niioshe."

"Unaosha bidhaa yangu mbele za watu?" Loisi alisimama, mikono kiunoni. "Watasema nauza uchafu!"

"Shemeji, grisi inaficha. Nataka kuisikia ikiwa tupu."

Aliiosha, akaikausha, akaizungusha sikioni. Ikakwaruza. Alipoielekeza juani, palionekana rangi ya buluu kwenye njia ya gololi: chuma kiliwahi kuungua. Akaiweka chini.

"Lakini imekubali mambo yako matatu," Loisi alisema.

"Imekubali. Ila atakayekaa juu yake ni Osward."

Akamweleza. Alimsimulia juu ya mguu, bati, kanisa, na Ruti aliyezunguka nyumba za wazee. Loisi alisikiliza huku akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akarudi akivuta mkokoteni wake wa kubebea mahindi, wenye magurudumu ya gari dogo la zamani.

"Hezron aliyatia beringi mpya alipokuja likizo," alisema. "Pima na hizi."

Beringi ya kwanza ilikataa unene. Ya gurudumu la pili ikaingia kwenye kijiti taratibu, ikasimama bila kutikisika. Aliiosha, akaizungusha. Ilizunguka kimya.

"Na mkokoteni wako?"

"Nitilie ile iliyoungua. Mimi nausukuma kwa mikono, kwenye tambarare. Ikifa, mahindi yatamwagika, nitayazoa." Akamgeukia mwandishi wa habari hizi. "Andika kwamba siuzi uchafu."

Alikataa malipo. Alitaka jambo moja tu: aletewe habari za kuteremka kijitoni.

Siku ya kufunga, Jairo alitandika turubai ili vumbi lisiingie. Andongwisye aliisukuma beringi kwa bomba lililogusa ringi tu, asipige gololi. Akapaka grisi, akakaza nati, akailegeza kidogo, akatia pini. Kisha akalifungua na gurudumu la kulia ambalo hakuna aliyelilalamikia. Lilikuwa zima. "Sasa najua," alisema. "Jana nilikuwa nadhani."

Osward alipanda kwenye kiti, akailaza fimbo yake miguuni. Trekta likashika njia ileile. Ruti alitembea kando ya gurudumu la kushoto mteremko mzima, macho yakiwa pale kwenye nati. Jairo alitangulia mbele akiondoa mawe njiani. Maji yakaruka, trekta likapanda ng'ambo, na Osward akalisimamisha, akainamia usukani, akalia. Ruti alipanda kwenye kitela.

"Nipeleke," alimwambia. "Nimechoka kutembea."

Jumapili iliyofuata, kabla ya mahubiri, Jairo aliomba nafasi. Hakusema mengi. Alisema mdogo wake hakunywa, kwamba yeye ndiye aliyeyaanzisha maneno yale kwa sababu ya uchungu wa mali yake, na kwamba anaomba Osward arudishiwe nafasi yake. Mzee mmoja aliyewahi kumfungia Ruti mlango alikuwa wa kwanza kwenda kumpa Osward mkono.

Mguu wa Osward hautanyooka tena, na jembe hawezi kulishika kutwa. Lakini siku hizi huonekana kibandani kwa Andongwisye, ameketi na bakuli la mafuta ya taa, akiosha beringi na kuziweka sikioni.

"Ana sikio," fundi anasema. "Beringi inayonguruma anaijua kabla yangu. Ile sauti ameibeba mwaka mzima."

Andongwisye ameanza kufyatua matofali. Anataka kujenga karakana yenye sakafu ya saruji, ukuta upande wa barabara kuzuia vumbi, na dirisha upande wa milimani ili mwanga uingie. Chini ya dirisha litakaa benchi refu la watu wawili.

"Nimemwambia Osward achague upande wake," anasema.