Siku Niliyomwonjea Bi Amina Maji

Aibu niliyoipata kwa Bi Amina naisimulia mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa stesheni wanaongeza chumvi, na chumvi katika habari hii ilikuwepo ya kutosha.

Ilikuwa enzi za Mjerumani, reli ndiyo kwanza imefika Dodoma, kila anayeshuka kwenye treni anatafuta pa kulaza ubavu, basi nami nikaacha kuchunga ng'ombe wa baba nikajifanya dalali wa nyumba (sikumwomba mtu ruhusa, nilivaa kanzu tu). Mzee Ndahani, Mgogo mwenzangu, akanipa tembe lake nimwuzie, lile lililo peke yake ng'ambo ya reli, lenye kisima uani. Akaniambia wazi kwamba maji ya kisima yana chumvi, nimwambie mnunuzi mapema, yeye hataki lawama. Nikamwambia aniachie mimi.

Mnunuzi akawa Bi Amina, mjane wa Kirangi kutoka Kondoa, aliyekuja na mifugo yote aliyoachiwa na marehemu mumewe, anunue nyumba awauzie abiria chai na uji. Kwa hiyo nyumba aliitupia jicho tu, akaenda moja kwa moja kisimani, akachota, akanipa kata.

"Mwanangu, mimi nimefunga," akasema. "Nionjee wewe."

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na mimi si Mwislamu (kanzu ilikuwa ya kazi). Nikaonja. Jamani, yale maji ng'ombe wangeyapenda. Nilikusudia kusema kweli, lakini nikawakumbuka mbuzi wawili nilioahidiwa kama ujira wangu, nikameza, nikasema ni matamu. Akafurahi mno, akaniambia basi ninywe, maskini, tangu asubuhi nazunguka naye juani. Nikamaliza kata nzima, akanichotea nyingine.

Ningeishia na tumbo la kuendesha, ningeshukuru. Lakini Bi Amina kwa furaha yake akasema jioni ile ile atafuturisha watu pale pale uani, kwa maji ya kisima chake, ndipo kesho ampelekee mzee ng'ombe wa bei ya nyumba, na mimi nisikose. Nikasema naumwa tumbo (nimeshakwenda nyuma ya ua mara tatu), akasema uji utanituliza.

Jua likazama. Wageni walikuwa kama ishirini, vibarua wa reli na Warangi wenzake, na Mzee Ndahani naye kaalikwa. Watu walioshinda na njaa na kiu kutwa nzima wakainua mabakuli ya uji kwa pamoja, wakayashusha kwa pamoja. Bi Amina akaonja la kwake, akaliweka chini taratibu.

Mzee Ndahani ndiye aliyeshangaa kuona watu wanashangaa.

"Kwani hakukuambia?" akamwuliza Bi Amina. "Mimi nilimtuma akuambie."

Wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke, haikupasuka. Bi Amina hakupandisha sauti hata kidogo.

"Ulimi wangu nilikuwa nimeufunga kwa ajili ya Mungu," akasema, "nikaazima wako."

Akaniuliza kama kuna lingine. Nikasema hakuna. Akaendelea kunitazama, nikasema paa linavuja upande wa jikoni. Akaendelea tu, basi nikasema boriti mbili zimeliwa na mchwa, ng'ombe wa jirani wana njia yao ya tangu zamani inayopita katikati ya ua, na chumba cha nyuma kina kunguni. Mzee Ndahani akasema hao kunguni hata yeye hakuwajua.

Kisha wakageukiana wao wawili, mimi nimekaa katikati kama kinu, wakapunguza bei kwa ng'ombe wanne, na mzee akamruhusu mama achote maji ya kupikia kwenye kisima chake cha nyumbani, chenye maji baridi yasiyo na chumvi, siku zote atakazoishi. Wakapeana mikono juu ya kichwa changu. Nikaomba radhi, wakaitikia, lakini wakiendelea na mazungumzo yao.

Tangu siku ile, mteja hajafika mlangoni nimeshamtajia kasoro zote, wengine hugeuza njiani na mimi huwaacha waende. Lakini nyumba ya kwanza niliyoiuza kwa haki, kila mtu akijua anachotoa na anachopata, ndiyo ile ya Bi Amina, na wale mbuzi sikuthubutu kuwadai.