Nilimcheka mzee mwenye mtoto wa jicho, samaki wakatimka miguuni pangu

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa, na mpaka leo kichwa bado kinazunguka.

Mimi ni mtu wa Tanga, fundi cherehani hapa Joburg, maeneo ya Bertrams. Chumba cha kazi nashea na mzee wa Kikongo kutoka Uvira, tunamwita Papa Bahati. Ujanani alikuwa mvuvi wa Ziwa Tanganyika.

Mwaka huu macho yakamsumbua. Mtoto wa jicho. Anasubiri operesheni, uzi hapitishi tena kwenye sindano, anashinda kwenye kiti kimya. Mzee aliyekuwa akituvunja mbavu kila siku!

Nikaona Jumapili moja nimtoe. Kuna bwawa nje ya mji wamepandikiza trauti, samaki wa ukoo mmoja na salmoni.

Tumefika asubuhi, maji ni kioo. Kando pale unaona mpaka kokoto za chini. Samaki? Hata wa dawa.

Nikatupa ndoana katikati, kwenye kina, kama wenzangu wote. Masaa mawili, kimya.

Papa akasema, "Tupa hapa karibu, kwenye majani. Samaki iko hapa."

Wakuu, nilicheka. "Papa, mimi mwenye macho mazima sioni kitu, wewe umeona nini?"

Akageuza uso pembeni. Nikajua nimemuumiza, ila neno lilishatoka.

Kwa aibu nikashuka majini pale pale kando ya majani, najifanya nakagua. Hatua ya pili tu, kokoto zikatawanyika!

Samaki! Nilichodhani ni mawe, kumbe mengine ni migongo yenye madoadoa. Nilishtuka nikakaa majini na suruali yangu.

"Papa, umewaonaje?"

"Mimi siko naona samaki, mwanangu. Niko naona ule ndege mweusi."

Akanyoosha mkono katikati ya bwawa. Minandi, wale ndege wanaopiga mbizi kula samaki, walikuwa kazini pale pale nilipokuwa natupa. Weusi juu ya maji yanayong'aa, hata yeye aliwaona.

"Samaki iko naogopa. Inakuja kujificha penye maji kidogo, kwenye mawe ya rangi yake."

Nilimwomba msamaha nikiwa nimelowa chapachapa. Akanyoosha mkono kutaka ufito wa ndoana: "Leta fimbo."

Akavua wawili, kwa kuusikiliza mshipi kidoleni tu. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiongea, sikupata hata nafasi ya kujibu.

Sasa kinachonichanganya ni hiki. Jumapili iliyofuata nilirudi peke yangu, kifua mbele, nikatupa pale pale kwenye majani. Patupu! Waliotupa katikati ndio walikuwa wanavuta samaki.

Nikaenda kumlalamikia Papa. Akauliza, "Ndege ilikuwako?"

Nikakumbuka. Hapakuwa na mnandi hata mmoja.

"Sasa ijifiche juu ya nini?" Yaani, kwa sababu gani.

Eish. Nilikuwa nimekariri mahali, wakati mwenzangu alikuwa anaangalia nani anamkimbia nani.

Nilichojifunza: nisipokiona kitu, nisiseme hakipo. Na mtu aliyeumwa macho hajaumwa akili.

Bado siwezi kutofautisha jiwe na mgongo wa trauti. Wavuvi mliomo humu, ninyi mnaangalia nini? Na kama nawe uliwahi kumdharau mtu ukaumbuka, tiririka hapo chini, nisibaki na aibu hii peke yangu.