Kitoweo Mwisho

Hakuna jambo la kunishangaza mimi. Shule niliiacha darasa la nne, nikabeba magunia ya korosho bandarini Mtwara, leo nina malori mawili na nyumba ya vigae. Nimeona yote. Ila kula, wenzangu mliokulia Mikindani, kula enzi zetu kulikuwa kwingine.

Msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho, upepo wenyewe ulikuwa mtamu. Mama haiti mtu mara mbili. Mkeka umetandikwa barazani, dada yangu Somoe anapita na birika, tunanawa kwa zamu. Aliyeshiba mabibo huko mikorosheni alijulikana kwa madoa ya shati, na hakuonewa huruma. Sinia linashuka, ugali wa muhogo unafuka, mchuzi wa nazi kando. Mama anasema, "Bismillahi. Kila mtu ale mbele yake!" Samaki je? Samaki yuko kwenye bakuli, miguuni kwa Bibi. Mkono ukitangulia, kofi. "Kitoweo mwisho!" Tulikula ugali huku tukimwota yule samaki changu, mpaka sinia linang'aa, ndipo Bibi anagawa kwa vidole vyake, akianza na mdogo. Nikifumba macho, harufu ile inarudi yote.

Sasa binti yangu wa mwisho, Shamsa, ana miaka mitatu. Mama yake alimkimbiza na kijiko nyumba nzima, katuni kwenye simu, tonge moja nusu saa. Watoto wa siku hizi simu ikiisha chaji nao hawali! Kliniki, nesi akatuonyesha kadi: uzito unashuka, mwezi wa pili sasa. Pale nilijikaza. Nyumbani, sahani yangu niliirudisha jikoni kama ilivyokuja. Nikanunua meza ya kioo, viti sita, na kiti chake kirefu. Akakaa kule juu, kafumba mdomo.

Dada Somoe akaja kutusalimia. "Mdogo wangu, mbona umemtundika mtoto peke yake kama taa?"

"Ndiyo kisasa, dada."

"Kisasa kimemshibisha? Haya, shuka chini na wewe."

Nikashuka, magoti yakalia. Akaita watoto wawili wa jirani, akaweka ugali katikati na samaki miguuni pake. Shamsa akanyoosha mkono. Kofi! "Kitoweo mwisho, mwanangu."

Midomo ikamcheza. Nikajua analia huyu. Akawatazama wenzake wanavyomega, akamega. Akamega tena, mbio mbio, asipitwe.

Nilishangaa, nasema kweli.

Kadi ya kliniki imeanza kupanda. Lakini kwenye mkeka ule wa Mikindani tulikuwa saba, tumebaki mimi na Somoe, na hakuna tena wa kunichapa kofi nikitangulia. Meza ya kioo naiwekea funguo za malori. Mkeka na sinia vya Shamsa, baada ya kupatana bei sokoni, vilinigharimu shilingi elfu ishirini na saba na mia tano.