Sikio la Mama na Upawa wa Gerezani

Televisheni za zamani zilikuwa na harufu. Hizi za leo hazinuki kitu, unaweza kulala nayo chumba kimoja usijue kama ipo. Ile ya Bi Tatu ikiwashwa ilichukua muda kupata joto, na vumbi lililokaa mgongoni mwake likaanza kuungua polepole, ikatoka harufu ya nguo iliyopigwa pasi bila kunyunyiziwa maji. Harufu hiyo ikichanganyika na grisi ya magari na ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaangwa nyumba ya pili, nilijua kwamba Alhamisi jioni imefika. Hapo nasema mtaa wa Buyenzi, katika ua wa Bi Tatu, ambaye mume wake alikuwa fundi magari. Nusu ya ua ilikuwa malori yaliyokufa na nusu ilikuwa sisi wapangaji. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msinitafutie mwaka. Nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele na mapya yalikuwa yameshaota, hesabuni wenyewe.

Alhamisi kulikuwa na mchezo wa gereza la wanawake. Ulitoka nchi ya mbali, nao ulisema Kifaransa. Jina lake la kweli hatukulijua, sisi tuliuita Gereza tu, na hata wafungwa tuliwapa majina yetu. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mnene mwenye kidevu kama cha mwanamume, tukamwita Mama Upawa, kwa sababu ndiye aliyegawa supu. Wahenga walisema mshika mpini ndiye mshinda, mshika makali hujeruhika. Ukimpendeza Mama Upawa, alizamisha upawa mpaka chini kwenye nyama. Usipompendeza, aliteka maji ya juu, ukanywa ukijitazama uso. Halafu akaletwa mfungwa mpya, mwembamba, kimya, tukamwita Kijiti. Huyo alikuja na lake. Alipopewa maji ya juu aliyarudisha. Akayarudisha tena wiki iliyofuata, na wengine wakaanza kumtazama. Ua ukagawanyika. Bi Tatu alikuwa upande wa Mama Upawa, maana mwenye nyumba humpenda mwenye nyumba. Wapangaji karibu wote walikuwa wa Kijiti, ila walimshangilia kwa sauti ya chini, kwa kuwa televisheni ilikuwa ya Bi Tatu.

Sasa niseme habari ya mkeka. Kila mtu alikuwa na mahali pake. Bi Tatu kwenye kiti chenye mto, wanawake wakubwa kwenye mikeka ya mbele, wasichana nyuma, wanaume wamesimama ukutani wakijifanya wanapita tu. Mimi nilikaa mbele, ubavuni mwa mama, mkono wa kulia, kichwa changu kikifika kwenye bega lake. Mama alikuwa mfuaji. Alifua kwa wazungu kule Kinindo, mwaka nenda mwaka rudi, akiondoka alfajiri na kurudi vidole vimekunjamana kama zabibu kavu. Nilikuwa simwoni mchana kutwa. Nilimwona kwa haki siku ya Alhamisi, na hata hapo alikuwa akitazama kioo, lakini bega lilikuwa langu. Mtu akiniuliza utoto wangu ulikuwa na mali gani, nitamjibu, bega moja.

Basi akaja Agnesi. Mama yake alikuwa mtu wa Uvira, muuza vitenge, na yeye na mama yangu walijuana kwenye mpaka wa Gatumba, nafikiri kwa habari ya mvua na kibanda kimoja cha kujikinga, sina hakika, watu wazima hawatuelezi mambo yao. Nyanya wa mtoto aliugua mbali huko Bukavu, mama mtu akaenda kumuuguza, akamwacha Agnesi kwetu. Alikuja na sanduku la bati na soksi nyeupe. Alikuwa amesoma kwa masista, Kifaransa kinamtiririka. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilingoja kupona, nikaugua.

Alhamisi ya kwanza, Mama Upawa aliposema neno refu akimnyooshea Kijiti kidole, mama akageuka, akauliza, "We mutoto, anasema nini huyo?" Agnesi akaeleza kwa aibu. Mama akasema, "Sogea hapa, usipige kelele, Bi Tatu ataudhika." Akasogea. Akakaa mkono wa kulia. Mimi nikahamia kushoto, ambako kulikuwa na mguu wa kiti cha Bi Tatu na harufu ya dawa yake ya baridi yabisi. Tangu siku hiyo mdomo wa Agnesi uliingia katika sikio la mama, na mama akawa anacheka kabla ya watu wengine, anaguna kabla ya watu wengine. Bi Tatu mwenyewe alikuwa akimwangalia mama ili ajue kama hapo ni pa kucheka. Nikaona mama yangu amepanda cheo katika ua, na aliyempandisha si mimi. Nyumbani tukila mukeke, kichwa cha samaki ambacho kilikuwa changu tangu kuota meno kikawa kinakatwa katikati. Je, umeshawahi kula nusu ya kichwa cha samaki? Jicho moja tu. Unakitazama na chenyewe kinakutazama.

Mchana, sisi wasichana tulicheza Gereza ndani ya bodi la lori lililokuwa nyuma ya ua. Upawa ulikuwa wa kwetu, wa kweli, niliuchukua jikoni, kwa hiyo Mama Upawa nilikuwa mimi na hakuna aliyebisha. Supu ilikuwa maji ya udongo na majani. Lakini jambo moja katika mchezo wa televisheni lilikuwa limetushinda kabisa kulielewa. Wafungwa wale hawakugemuriwa. Kwetu mtu akiwa ndani, kama vile akiwa hospitali, watu wake humgemuria, yaani humpelekea chakula cha nyumbani, kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mfungwa asiyegemuriwa ni mtu aliyekatwa. Wanawake wa ua walilijadili sana. Bi Tatu alisema labda wamewaua ndugu zao wote, ndiyo maana wamefungwa. Mama alisema, "Apana. Wanapigania supu sababu hakuna mutu wa kuwagemuria. Mutu mwenye kwabo wanamuletea chakula hapiganie upawa." Basi sisi watoto tukausahihisha mchezo wa wazungu. Katika gereza letu kila mfungwa aligemuriwa. Zaina, binti wa Bi Tatu, aliletewa kipande cha muhogo na mdogo wake. Mwingine aliletewa ndizi. Aliyegemuriwa alitoka kwenye foleni ya supu, akala kwa raha.

Nami nikatoa sheria. Agnesi hana watu hapa. Huyo hagemuriwi, atakunywa supu ya juu.

Hakubisha. Alikaa juu ya gurudumu, akavuta soksi zake, akasema, "Mi nitangoja." Nikamwambia, "Utangoja nani? Kwenu iko Uvira." Akasema tena, "Nitangoja tu." Siku ya pili hivyohivyo, na ya tatu, na supu yangu hakuigusa. Nikaona macho ya wenzangu yanaanza kuhama. Zaina akaenda kukaa naye kwenye gurudumu, akampa muhogo nusu, kisha mwingine akaenda. Nilikuwa nimeona jambo hilihili kwenye kioo Alhamisi iliyopita, nilijua linaelekea wapi, na bado sikuweza kulizuia. Hivyo ndivyo ilivyo kutawala kwa upawa. Unajua unakokwenda na mkono hauachi mpini.

Jumamosi mama hakwenda Kinindo. Tuko ndani ya lori, tukasikia mtu anagonga bati. "Hodi, wenye gereza." Ni mama, na mkononi ana bakuli limefunikwa kwa kitambaa, harufu ya maharage na mawese inatoka pembeni. Moyo wangu ulijaa. Nikasema kwa sauti ya askari, "Karibu, mama, umekuja kumuona nani?" Akajibu kama mtu aliye kwenye lango la kweli, kwa unyenyekevu, "Nimekuja kumugemuria mutoto wangu." Nikanyoosha mikono yote miwili, upawa umo kwapani. Akanipita. Akainama, akaliweka bakuli juu ya magoti ya Agnesi.

Nikamwambia, "Mama, na mi?"

"We uko na upawa, mwanangu," akasema. "Mwenye iko na upawa, hakuna mutu anamugemuria."

Wenzangu walicheka, Zaina kuliko wote. Nikautupa upawa chini kwenye grisi. Laiti Agnesi angeuokota akaushika yeye, ningepata pa kumpigia. Aliuokota, akaupangusa kwa sketi yake safi, akampa mama. Ndipo mama akampapasa kichwani. Nimezika watu, nimeachwa na mume, nimekimbia na watoto mgongoni, lakini mkono ule juu ya kichwa kile bado nauona.

Kwenye kioo Kijiti alishinda. Alipopewa upawa, akauzamisha chini kwa rafiki zake na akateka juu kwa Mama Upawa, palepale, siku ya kwanza.  Wiki hiyohiyo mama wa Agnesi akarudi, akamchukua na sanduku lake. Alhamisi iliyofuata nilikimbia kabla ya adhana ya magharibi nikawahi mahali pangu, mkono wa kulia. Mchezo ulipoanza nikamsogelea mama sikioni, nikaanza kumwambia wanayosema, yaani nayatunga, ningeyajuaje? Akanivumilia kidogo. Halafu akaniwekea kidole mdomoni, taratibu. "Nyamaza, mwanangu. Nasikiliza." Nikanyamaza. Nililia nikitazama mbele, na waliokuwa nyuma hawakujua.

Leo naishi kwa binti yangu, mtaa wa Kibenga. Televisheni imebandikwa ukutani kama picha. Maji yalipoingia Gatumba na kukaa, yalimkuta Agnesi huko, mjane, nyumba yake ikajaa tope hadi dirishani. Nikamwambia binti yangu, mlete. Nini kingine ningesema? Mama alishakufa, ningemwonyesha nani roho mbaya? Basi yuko hapa, tunalala chumba kimoja, anakoroma. Na siku hizi kuna mchezo mwingine wa gereza la wanawake, Kifaransa vilevile, safari hii wanapigania simu iliyofichwa na si supu. Wajukuu wanautazama kila mmoja kwenye simu yake, masikio yamezibwa kwa vidude, mmoja anacheka leo, mwingine atacheka kesho. Hakuna anayehitaji mdomo wa mwenzake. Hatusukumani mahali. Nyumba ina amani, na amani yenyewe ni baridi kama sakafu ya vigae.

Wazee wawili tunatazama ukutani, yeye mkono wangu wa kulia, ananinong'oneza. Juzi nikamwambia, "Mama alikupendea hiki Kifaransa chako."

Akacheka. "Kifaransa gani? Ile televisheni ilikuwa inakimbia, mi nilikuwa mutoto. Nilikwama kila saa. Yeye ndiye alikuwa ananimalizia, polepole, hapa sikioni."

"Mama yangu?"

"We Mwamini, mama yako alifua Kinindo miaka yote ile. Madamu wake alimsemesha nini, Kirundi?"

 Kwa hiyo aliposema nasikiliza, alikuwa anasikiliza. Hakuhitaji mdomo wa mtu. Sikio lile alilifungua makusudi, ili mtoto asiye na watu apate pa kukaa. Jambo zuri, kila mtu angesema ni jambo zuri. Mimi wivu ulinipanda upya, mbichi, kama niko na meno mapya. Kama mdomo wangu haukuwa na kazi na wa Agnesi pia haukuwa nayo, kwa nini mama asingeniacha nami nimdanganye?

Kwenye ukuta mwanamke mmoja alikuwa amemshika mwenzake kola, anamwambia maneno mengi usoni. Agnesi akaanza kunieleza, akakwama, akabaki anatafuta neno huku mdomo uko karibu na sikio langu. Mimi ambaye sijui hata neno la Kifaransa nikamsogelea, nikammalizia. "Anamwambia, toka hapo, hapo ni mahali pangu."

Agnesi akanitazama. Kisha akarudisha macho ukutani.

"Eee," akasema. "Ni vile anasema."