Tulimpamba kaka yangu mgonjwa kwenda kortini, akafungwa

Wakuu, salamu kwenu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mpaka leo yananiudhi.

Ilikuwa kwetu Ikutha, kijiji chenye soko dogo, miaka ya themanini. Kaka yangu Kimanzi alikuwa mgonjwa wa akili. Soko zima lilijua.

Sisi nyumbani tulisema "ana mawazo mengi", kwa sababu baba alikuwa mzee wa kanisa na dada yetu alikuwa karibu kuolewa. Nani angeoa kwa watu wa wazimu?

Siku moja sauti za kichwani mwake zikamwambia Kimanzi awaachilie mbuzi wa Mzee Abdi, mfanyabiashara wa mifugo. Akafungua zizi. Abdi alipomzuia, akampiga rungu, akamvunja mkono.

Polisi wakamshika, baba akamtoa kwa bondi.

Sasa sikieni ujinga wetu. Asubuhi ya kesi mama alimwogesha na kumnyoa ndevu. Mimi nikampigia shati pasi, nikamfundisha: simama wima, sema "ndiyo mheshimiwa", usitaje sauti kabisa. Tulidhani mtu nadhifu atahurumiwa!

Kortini alijibu vizuri kuliko mimi. Honestly, hata mimi ningesema huyo ni mzima.

Aliyesema ukweli ni Abdi, na mkono wake kwenye plasta. "Mheshimiwa, huyu mtu ni mgonjwa. Usifunge yeye. Peleka yeye hospitali."

Hakimu akamgeukia baba. Neno moja tu pale na daktari angeitwa.

Baba akasimama, Biblia kwapani. "Kijana yangu hana shida yoyote ya kichwa."

Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nikanyamaza.

Akafungwa miaka mitatu, bila dawa. Na huyo hakimu naye! Mtu anavunja mwenzake mkono kwa ajili ya mbuzi wasio wake, na hushtuki?

Kimanzi alirudi amekonda, anaongea na ukuta. Ni Abdi tena aliyempakia kwenye lori lake mpaka hospitali. Wakaanza kumdunga sindano moja kwa mwezi. Moja! Baada ya miezi kadhaa alikuwa analima na kutania watoto.

Siku moja tukila akauliza, bila hasira yoyote: "Siku ile ya korti, mbona hamukusema mimi ni mgonjwa?"

Baba akaacha chakula, akatoka nje.

Wakuu, mgonjwa wenu akishtakiwa, aibu iacheni nyumbani. Mwambieni hakimu kila kitu na muombe daktari.

Kama yamewahi kukupata, andika hapa chini. Ila tafadhali, mtu asinitetee.